Haida ya Hamilton au The Sullivans ya Buffalo: ukiwa na Jumamosi moja tu, upande ipi?

Mjomba wangu aliendesha winchi bandarini Kilindini miaka mingi kabla hajastaafu. Alipokuja kututembelea Mississauga, Kanada, kiangazi, tulimpangia ratiba kama anavyopangiwa kila mgeni: maporomoko ya Niagara, mnara wa Toronto, duka la unga wa ugali. Akasikiliza mpaka mwisho, akamaliza chai yake, akasema, "Maji ya kuanguka yatanisubiri. Kwanza nipeleke nikaone manowari."

Nikamwambia zipo mbili za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Moja iko Hamilton, upande wetu wa mpaka. Nyingine iko Buffalo, Marekani, ng'ambo ya mto Niagara, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari ukiondoa foleni ya mpakani. "Haya mpwa wangu, ipi ndiyo ipi?" Nimezipanda zote mbili, tena si mara moja, na bado nilibaki nimetoa macho. Haya ninayoandika ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Kwa mwenye haraka: ukitaka meli iliyokabiliana ana kwa ana na meli za adui, usiku, kwa mizinga, nenda Hamilton ukapande HMCS Haida. Ukiwa na watoto na siku nzima ya kupoteza, au ukitaka kujua vita vya Pasifiki vilikuwa vya namna gani kwa baharia wa kawaida, nenda Buffalo ukapande USS The Sullivans. Mwenye nafasi na asome na sababu.

Zote mbili ni destroya; HMCS ni alama ya meli za wanamaji wa Kanada, USS ya Marekani. Manowari ni neno la jumla tu, watu wa pwani walilimeza kutoka kwa Waingereza zamani na sasa ni letu. Destroya ni manowari nyembamba yenye mbio, na kazi yake ni kuzichunga meli kubwa zisifikiwe na nyambizi, ndege wala topido, yaani bomu lenye injini linalokwenda ndani ya maji. Ilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kuangamiza vimashua vya topido, na jina lake linatokana na kazi hiyo. Bati lake ni jembamba. Haina deraya ya maana. Kinga yake ni kukimbia na kupiga kabla ya kupigwa.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu, cha kwanza kinachoshangaza ni jinsi zinavyolingana kwa kipimo:

| | HMCS Haida | USS The Sullivans |
|---|---|---|
| Aina | Tribal | Fletcher |
| Ilikojengwa | Newcastle upon Tyne, Uingereza | San Francisco, Marekani |
| Kushuliwa majini | 25 Agosti 1942 | 4 Aprili 1943 |
| Kuanza kazi | 30 Agosti 1943 | 30 Septemba 1943 |
| Urefu | mita 114.9 | mita 114.8 |
| Upana | mita 11.4 | mita 12 |
| Uzito bila mafuta na mizigo | tani 1,927 | tani 2,050 |
| Nguvu za farasi | 44,000 | 60,000 |
| Mabaharia | 259 | zaidi ya 300 |
| Kustaafu | 11 Oktoba 1963 | 7 Januari 1965 |

Tofauti ya urefu haifiki shubiri moja, yaani mbili hizi zote zinazidi kidogo urefu wa uwanja wa mpira. Zote ziliweza kukaribia noti 36, kama kilomita 67 kwa saa, ingawa ile ya Marekani ilihitaji nguvu nyingi zaidi kwa kuwa ni nene na nzito zaidi. Mtu akikwambia moja ni ndefu sana kuliko mwenzake, amedanganywa na picha.

Mizinga ndiyo inayozitenganisha kweli, na hapa nitakaa kidogo.

Aina ya Tribal ilichorwa miaka ya 1930, Waingereza walipoona Wajapani na wengineo wanaunda destroya kubwa zenye mizinga mingi. Wakajibu kwa kujaza mizinga: minane ya inchi 4.7, yaani milimita 120, imepangwa miwili miwili. Topido wakazipunguza zikabaki nne. Ilikuwa meli ya kupigana na meli. Tatizo ni kwamba mizinga ile haikuweza kuinua shingo zaidi ya nyuzi 40. Ndege ikija juu ya kichwa, baharia anaitazama tu. Vita vilipoanza, ndege zikaja. Gurkha ilizamishwa na ndege Aprili 1940, Afridi ikafuata mwezi uliofuata, Mashona Mei 1941. Uingereza ilikuwa na Tribal 16. Vita vilipokwisha zilibaki nne.

Majina hayo yananigusa kila nikiyasoma. Meli hizi zilipewa majina ya makabila, mengi yakiwa ya watu waliokuwa chini ya himaya ya Mwingereza. Zulu, Mashona, Matabele na Somali zote ziko chini ya bahari. Ashanti na Nubian zilinusurika. Matabele ilipigwa topido Januari 1942 katika maji ya barafu ya kaskazini, na katika watu zaidi ya 200 waliokuwamo wakaokolewa wawili tu. Haida nayo ni jina la watu wa visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi ya Kanada.

Haida ilipojengwa, somo la ndege lilikuwa limeshaingia. Ikawekewa mizinga sita ya inchi 4.7, na mahali pa jozi ya nne ikawekwa miwili ya inchi 4 inayoweza kutazama juu. Lilikuwa suluhisho la fundi aliyeletewa nguo isiyomtosha mwenyewe: anaongeza kipande pale panapobana, basi.

Wamarekani walipochora Fletcher hawakuongeza kipande, walikata kitambaa upya. Mizinga ni mitano tu, mmoja mmoja, ya inchi 5, yaani milimita 127. Lakini kila mmoja unainuka hadi nyuzi 85, karibu wima. Mzinga uleule unapiga meli, unapiga ufukwe, unapiga ndege. Risasi moja ina uzito wa kilo 25, sawa na kiroba cha mchele, na wapakiaji waliozoea waliweza kurusha 15 kwa dakika. Hesabu mwenyewe: kiroba kimoja kila sekunde nne, na kila kimoja kinainuliwa kwa mikono ya mtu huku sakafu inayumba. Juu ya hapo kuna topido kumi dhidi ya nne za Haida. Marekani ilijenga Fletcher 175. Tribal zote, ukijumlisha za Uingereza, Kanada na Australia, hazikuzidi 27.

Kwa karatasi, basi, The Sullivans ndiyo bora, nami sioni haya kusema hivyo nikiwa Kanada. Lakini meli haipigani kwa karatasi, na rekodi ya Haida ndiyo inayonirudisha Hamilton kila mara.

Ilianza na kulinda misafara ya meli za mizigo ya kwenda Urusi. Desemba 1943 ilikuwa ikilinda msafara wa JW 55B, ambao meli kubwa ya Kijerumani Scharnhorst ilitoka kuushambulia, ikazamishwa tarehe 26. Januari 1944 Haida ikahamia Plymouth, kusini mwa Uingereza, chini ya Kamanda Harry DeWolf. Kazi ikawa kuvuka mlango bahari usiku na kuwinda meli za Kijerumani pwani ya Ufaransa, kusafisha njia kabla majeshi ya Uingereza, Marekani na Kanada hayajashuka Normandy, pwani ya Ufaransa.

Usiku wa kuamkia 26 Aprili, Haida na wenzake, Ashanti akiwamo, waliizamisha T29, meli ya topido ya Kijerumani. Siku tatu baadaye, usiku wa kuamkia 29, Haida na dada yake Athabaskan wakakutana na mbili nyingine za aina hiyo, T24 na T27. Athabaskan ikapigwa, ikalipuka, ikazama. Haida iliifukuza T27 hadi ikakwama kwenye miamba ya Ufaransa. Kisha DeWolf akafanya jambo ambalo mabaharia bado wanalijadili: akarudi. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka, pwani ya adui iko karibu, na yeye akasimamisha injini katikati ya watu wanaoelea kwenye mafuta meusi, akateremsha nyavu na mashua. Destroya iliyosimama haina kinga hata moja kati ya zile mbili nilizotaja. Akaokoa watu 42, akaondoka kwa sababu angekaa zaidi angewapoteza na hao. Kimashua cha injini cha Haida kilibaki nyuma, kikaokota wengine kadhaa, kikavuka chenyewe hadi Uingereza. Waliokufa wa Athabaskan ni 128, nahodha wao John Stubbs akiwa mmoja wao. Wengine zaidi ya 80 walitekwa.

Juni 9, siku tatu baada ya majeshi kushuka Normandy, Haida na Tribal mwenzake Huron wakaikimbiza destroya ya Kijerumani Z32 hadi ikapanda mawe ya kisiwa cha Batz. Juni 24, pamoja na destroya Eskimo na ndege moja ya Liberator, wakaimaliza nyambizi U-971. Hakuna meli ya Kanada iliyozamisha tani nyingi za meli za juu ya maji za adui kuliko Haida. Baadaye ilikwenda vita vya Korea mara mbili, ikawa miongoni mwa meli zilizojipatia sifa kwa kupiga magarimoshi yaliyokuwa yakipita reli ya pwani. DeWolf alipanda cheo hadi akaongoza jeshi zima la wanamaji la Kanada, na leo meli mpya za doria za Aktiki za Kanada zinaitwa kwa jina lake.

The Sullivans haina hadithi ya namna hiyo, ya usiku mmoja wa mizinga. Hadithi yake inaanza kabla haijazaliwa.

Huko Waterloo, Iowa, kulikuwa na ndugu watano wa tumbo moja: George, Francis, Joseph, Madison na Albert Sullivan. Rafiki yao alikuwa amekufa Wajapani walipoishambulia bandari ya Pearl Harbor. Januari 1942 wakajiandikisha jeshi la wanamaji kwa sharti moja, wasitenganishwe. Wakapangwa wote kwenye Juneau, kruza, yaani manowari kubwa kuliko destroya. Novemba 13, 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal huko Pasifiki, nyambizi ya Kijapani I-26 iliipiga topido, Juneau ikapasuka na kutoweka kwa muda mfupi mno. Kati ya karibu watu 700 waliokuwa ndani, waliookolewa kutoka majini ni kumi. Hakuna hata Sullivan mmoja aliyekuwamo.

Meli iliyokuwa ikijengwa San Francisco kwa jina la Putnam ikabadilishwa jina Februari 1943. Mama yao, Alleta, ndiye aliyeizindua ilipoteremshwa majini Aprili 4. Mama wa watoto watano waliozama, amesimama mbele ya omo ya meli mpya yenye jina la watoto wake, anavunja chupa. Nimewahi kusimama mahali palepale kwenye omo hiyo nikajaribu kulifikiria, nikashindwa, nikaenda zangu kununua kahawa. Baadaye mtoto wa Albert, ambaye baba yake alimwacha mdogo, alikuja kutumikia kwenye meli hiyohiyo.

Kazi yake vitani ilikuwa ile hasa ya destroya: kuzunguka meli za kubeba ndege na kuhakikisha hazifikiwi. Ilipita visiwa vya Pasifiki vilivyopiganiwa: Truk, Iwo Jima, Okinawa. Oktoba 1944, kruza Houston ilipopigwa karibu na Taiwan, The Sullivans ilibeba manusura zaidi ya mia moja. Desemba 18, 1944, ilipita katika kimbunga kilichozizamisha destroya tatu za Marekani, Hull, Monaghan na Spence, na kuua watu karibu 790. Spence ilikuwa Fletcher pia, mchoro uleule, ila matangi yake yalikuwa karibu matupu, meli ikawa nyepesi chini na nzito juu. Aliyewahi kupakia jahazi anajua maana ya kusafiri bila farumi. Mei 11, 1945, ndege mbili za kujitoa mhanga ziliiangukia meli ya kubeba ndege Bunker Hill, na The Sullivans ikasogea hadi kwenye moto ikaokoa watu 166. Ikapata nyota tisa za vita, na mbili nyingine Korea.

Kwa hiyo moja inasifika kwa ilizozamisha, nyingine kwa iliowaokoa, ingawa nimeshakuambia ya Athabaskan. Kila moja ina kidogo cha mwenziwe.

Sasa ingia ndani, maana mtu hapandi meli kusoma tarehe.

Haida imejengwa Kiingereza. Jukwaa la nahodha halina paa. Liko wazi kabisa, na nahodha wa misafara ya Urusi alisimama hapo, Desemba, barafu ikimrukia usoni, ili aone mbingu yote bila kizuizi. Mshika usukani hayupo naye. Yuko chini, katika kichumba ambamo hawezi kuona mbele, anasikiliza amri kupitia bomba la shaba. Mjomba alipofika hapo alisimama kimya muda mrefu. Kisha akanituma juu, akaniambia nimwambie neno lolote kwenye bomba. Nikasema, "Kushoto kidogo." Sauti yake ikapanda kutoka chini, wazi kama yuko kando yangu: "Kidogo kiasi gani? Sema nyuzi, wewe!" Miaka yote ya winchi alifanya kazi vivyo hivyo, yeye ndani ya kibanda, macho yake yakiwa mtu mwingine aliyesimama ukingoni mwa ngama akipunga mikono. Bomba hilo lilimfundisha Haida kuliko kibao chochote cha maelezo.

The Sullivans ina chumba cha usukani chenye paa na madirisha, mshika usukani anaona anakokwenda. Ni raha zaidi, ni Kimarekani zaidi. Chini, mabaharia walilala kwenye vitanda vya chuma vilivyopangwa vitatu kwenda juu, dabodeka ya bweni ila na wa tatu juu yake. Ukilala chali, kitanda cha juu kiko kwenye pua. Haida walining'iniza vitanda vya turubai kwenye ndoano za dari, juu ya meza ileile waliyolia chakula, na asubuhi kila mtu anafunga chake. Nani alilala vizuri? Meli ikiyumba sana, kitanda cha kuning'inia kinabaki kimetulia na dari ndiyo inayocheza. Mimi ningechagua turubai. Mjomba alisema angelala chini sakafuni kama mtu mzima.

Na jambo la pembeni ambalo watoto hulipenda: Kanada iliendelea kuwagawia mabaharia kipimo chao cha ramu kila siku hadi 1972. Marekani ilipiga marufuku pombe melini tangu 1914, mabaharia wake wakajituliza kwa aiskrimu. Nilimwuliza mjomba, mtu wa swala tano, kama hiyo inabadili uamuzi. Akasema hapo Buffalo imepata pointi moja.

Kuna jambo moja linalowakera wapenzi wa historia, na ni haki ulijue kabla hujalipa. Unachokiona Hamilton si Haida ya 1944. Mapema miaka ya 1950 ilifanyiwa matengenezo makubwa ili iwinde nyambizi za Kisovieti. Mizinga ile ya inchi 4.7 iliyoifukuza T27 iliondolewa yote. Mbele sasa kuna ya inchi 4, nyuma ya inchi 3, na kando yake mitambo ya kurushia mabomu ya kupiga nyambizi. Mlingoti si ule. The Sullivans nayo ilibadilishwa iliporudishwa kazini kwa ajili ya Korea, ingawa ukiitazama kwa mbali bado umbo la Fletcher linasoma vizuri. Kati ya Fletcher nne zilizobaki duniani, iliyorudishwa sura yake ya 1945 ni USS Kidd, iliyo Baton Rouge, Louisiana. Kwa Tribal huna pa kukimbilia. Haida ndiyo pekee iliyobaki, nyingine zote zimezama au zimekatwa chuma chakavu. Hilo peke yake kwangu lina uzito: Buffalo ukikosa leo, Fletcher nyingine iko Boston. Haida ukiikosa umeikosa.

Afya zao ni hivi. Haida iliokolewa 1964 na kikundi cha watu binafsi walioinunua kwa dola 20,000 ikiwa njiani kwenda kukatwa, ikakaa Toronto miaka karibu 40, ikachakaa. Serikali ikaichukua, ikaipeleka kwenye chelezo, bati la chini likatengenezwa, na 30 Agosti 2003, siku ilipotimiza miaka 60 ya kazi, ikafunga gati Hamilton. Sasa iko chini ya idara ya hifadhi za taifa, na tangu 2018 inahesabiwa kuwa meli ya heshima ya jeshi zima la wanamaji la Kanada. The Sullivans iko Buffalo tangu 1977, chini ya shirika la makumbusho linaloishi kwa tiketi na michango. Bati lake limeliwa. Watu walikuwa wameshachanga zaidi ya dola milioni moja za kuliziba, lakini usiku wa Aprili 2022 maji yakaishinda pampu, meli ikaegemea upande na kukaa kwenye tope palepale gatini. Walivuta maji wiki kadhaa mpaka ikaelea tena, na Agosti mwaka huohuo ikafungua mlango. Kwangu hiyo si sababu ya kuikwepa. Ukilipa kiingilio pale, unajua pesa yako inakwenda kuziba nini.

Mambo ya vitendo. Buffalo unapata vitu vitatu kwa tiketi moja: destroya, kruza Little Rock yenye urefu wa mita 186, na nyambizi Croaker. Watoto hawatachoka. Ubaya wake ni kwamba Little Rock inaifunika The Sullivans. Watu hupanda ile kubwa kwanza, wakifika kwa ndogo miguu imekwisha. Fanya kinyume. Hamilton iko Haida peke yake, saa mbili zinatosha, na wahudumu wana muda wa kujibu maswali kwa sababu si wengi wanaokuja.

Ngazi za zote mbili ni za chuma, wima, nyembamba. Kina mama wenye madera, vaeni suruali ndani. Wazee wenye magoti mabaya wataishia sitaha ya juu, na kwa hilo Haida ni afadhali, maana mizinga yote unaizunguka bila kushuka popote. Vyumba vya chini havina hewa ya kutosha mwezi wa saba. Zote hufungwa baridi ikiingia, na meli za umri huu hupelekwa chelezoni bila kukuuliza, kwa hiyo angalia tovuti zao wiki hiyohiyo unayotaka kwenda.

Halafu suala la makaratasi, ambalo kwa wengi wetu ndilo linaloamua kabla ya mizinga. Mwenye ukazi wa kudumu wa Kanada lakini bado ana pasipoti ya Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi anahitaji viza ya Marekani kuvuka kwenda Buffalo. Ndugu zetu walioko Buffalo wenye kadi ya kijani na pasipoti hai wana urahisi zaidi wa kuja Hamilton. Aliye katikati ya maombi yake ya ukimbizi asisogelee daraja kabisa kwa ajili ya meli, aende ile ya upande wake. Nimeona familia imerudishwa na watoto wanalia kwenye kiti cha nyuma.

Aliyeko Uingereza asijisumbue na haya yote. Aende Chatham akapande HMS Cavalier ya 1944, ambayo pia ni kumbukumbu rasmi ya mabaharia wa destroya waliokufa. Aliyeko upande wa Poland ana Błyskawica pale Gdynia, kongwe kuliko zote hizi.

Mjomba alikuwa na viza ya Kanada peke yake, kwa hiyo alipanda Haida. Buffalo nilimwonyesha kwenye simu, picha ya dohani ya The Sullivans yenye jani la shamroki lililochorwa, alama ya Waayalandi, ukoo wa wale ndugu. Akaikuza kwa vidole viwili, akaitazama. "Watano?" akauliza. Nikamwambia watano, tumbo moja. Akanirudishia simu, akaniambia niulize viza ya Marekani siku hizi inachukua miezi mingapi.